Niuze fidla ya babu nikasomee kuongoza okestra?

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 26, mzaliwa wa Ng'ambo, Unguja. Kazi yangu ni kupiga fidla. Aliyenifundisha ni babu yangu mzaa mama, ambaye alipiga taarab tangu ujana wake mpaka vidole vilipomkatalia. Nilipokuwa na miaka 11 alikuwa akinikalisha barazani baada ya laasiri, ananishika kiwiko cha mkono wa upinde na kunambia, "Usiikune, ivute." Miaka minne iliyopita Mungu alimchukua, na fidla yake akaniusia mimi mbele ya watoto na wajukuu wote.

Fidla hiyo ndiyo inayonilisha. Jioni nafundisha watoto, mwisho wa wiki napiga hotelini, na harusi zikianza nakaa safu ya pili katika kikundi cha taarab. Sijatajirika, lakini mama yangu hajalala njaa.

Mwaka jana likatokea jambo. Kuna okestra ndogo ya vijana ambayo nasaidia kuifundisha, vijana 18, wengi wao wapiga nyuzi, pamoja na klarineti mbili na filimbi. Siku mbili kabla ya onyesho mwalimu anayewaongoza akashikwa na homa, akaniletea ujumbe: simama wewe. Nikasimama. Vipande vile nilikuwa nimevipiga mara nyingi, lakini kusimama mbele ni jambo jingine kabisa. Nilipoinua mkono, wote 18 wakavuta pumzi pamoja nami, kabla sauti yoyote haijatoka. Usiku ule sikulala. Tangu siku hiyo nimejua ninachokitaka duniani: kuwa kiongozi wa okestra.

Nilipomwambia mama kwamba nataka kuwa kondakta, alinyamaza, kisha akaniuliza daladala ya njia gani. Hakuwa anatania. Nikamweleza. Ami yangu, aliyekuwepo, akasema: "Fidla unaishika mkononi, watu wanaisikia. Huko kupunga mikono kuna sauti gani?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Sasa nimeomba kozi ya kuongoza okestra huko Ulaya, wiki tatu, mwezi wa Julai, na jibu limekuja. Barua yao inasema nimekubaliwa kama mtazamaji, na kwamba huenda nikapewa nafasi ya kusimama mbele ya okestra muda ukiruhusu. Ada, nauli, chakula na malazi vinafika kama shilingi milioni tisa. Mimi nina milioni tatu. Mgeni mmoja anayekuja hotelini kila mwaka ameipenda fidla ya babu na yuko tayari kunipa milioni sita. Ananambia niiuze mapema kwa sababu hewa ya Unguja itaiua. Na kweli, masika haya vigingi vya kukazia nyuzi vimevimba, havizunguki, na pembeni kwenye kiuno mshono umeachia kiasi cha upana wa kidole. Nyumbani nina fidla nyingine ya kiwandani, ile ya kujifunzia. Ina sauti ya bati, lakini ni fidla.

Mama amesema kitu ni changu, yeye hana neno. Lakini zamani nikifanya mazoezi alikuwa anakuja na nguo zake za kupiga pasi anakaa nami. Siku hizi haji.

Natakiwa kuwajibu ifikapo mwisho wa mwezi. Niiuze? Na je, kwa umri wangu nimeshachelewa? Na mtu akitaka kuongoza okestra, ni lazima aache ala yake?

Wako,
Mjukuu wa Mpiga Fidla, Unguja

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Usiiuze. Nimelitanguliza hilo kwa sababu mwisho wa mwezi hauko mbali, na sitaki ulitafute katikati ya maneno yangu mengi.

Sasa rudi kwenye barua yao uisome tena polepole. Wamekuita mtazamaji. Kozi hizi za kiangazi huwa na wanafunzi wa namna mbili. Wapo wachache wanaosimama mbele ya okestra, waliochaguliwa kwa video zao, na hao mara nyingi hupata dakika kumi na tano au ishirini kwa siku, mwalimu akiwa ubavuni anawakatisha kila baada ya mistari miwili. Na wapo wanaokaa vitini na kitabu cha nota mapajani, wakisikiliza. Hao ndio watazamaji. Na hayo maneno "muda ukiruhusu" nayajua. Muda hauruhusu, kwa kuwa okestra hulipwa kwa saa, na saa yao ikifika wapigaji wanafunga maboksi yao na kwenda zao. Sisemi watu hao ni walaghai. Wamekwambia ukweli mtupu kwenye barua, na mtazamaji mwenye masikio hujifunza mengi. Mimi mwenyewe nilikaa kiti hicho wiki mbili ujanani na nikafaidika. Lakini nilikwenda kwa basi kutoka mji wa jirani, sikuuza kitu.

Ami yako ameuliza swali zuri, nami nataka ulijibu kwa heshima utakapokutana naye. Mikono ya kiongozi haina sauti. Sauti yake yote iko mikononi mwa wengine. Mpiga fidla akitaka kujifunza anafunga mlango, anachukua fidla yake. Kiongozi akitaka kujifunza anahitaji watu waliokaa mbele yake na ala zao, wenye subira ya kumngoja akosee. Ala yake ni watu. Ndiyo maana kazi hii ni ngumu kuiingia kuliko nyingine zote za muziki, na ndiyo maana wengi walioifikia waliifikia wakiwa tayari wamekaa miaka mingi kati ya watu hao, wakijua pumzi zao.

Okestra kubwa ya simfonia ina fidla za kwanza 16 na fidla za pili 14. Viti thelathini vya wapiga fidla, na kijukwaa kimoja cha kiongozi. Mtu anayeiacha fidla ili akigombee kile kijukwaa kimoja ametoka kwenye mlango mpana akaenda kusimama kwenye tundu la ufunguo. Anayebaki na fidla yake yumo ndani tayari. Kila zoezi analokaa, mbele yake yuko kiongozi anayefanya kazi, mzuri au mbaya, na yeye analipwa, au angalau anapewa chai, ili amtazame. Huo ndio utazamaji ninaoutaka kwako.

Nayasema haya kwa uchungu kidogo, maana mimi niliiacha. Nikiwa na miaka 29, huko ughaibuni, niliiweka fidla kabatini miaka miwili ili nisome kuongoza tu. Siku moja nikasimama mbele ya kundi la nyuzi, nikawaomba wanishikie nota moja ndefu, laini kabisa, bila kukata. Mpiga fidla kiongozi, yaani yule wa kiti cha kwanza cha fidla, akaniuliza kwa adabu, "Kwa upinde upi?" Alikuwa ananambia kwamba nota ile kwa mwendo ule haiingii kwenye upinde mmoja, na kwamba mtu aliyeshika fidla wiki ile angelijua hilo kabla ya kufungua mdomo. Nilijibu kwa kupunga mikono. Nilipofika chumbani nikaitoa fidla kabatini, na vidole vilikuwa vigumu kama vijiti. Nilirudia kupiga, lakini ile miaka miwili sikuipata tena.

Nikupe kisa cha mtu wa bahari yetu hii hii, wa ng'ambo ya pili. Mehli Mehta alizaliwa Bombay mwaka 1908, Mparsi, wa jamii ile ile iliyokuwa na watu wake hata Mji Mkongwe. Fidla alijifunza kwa sehemu kubwa kwa bidii yake mwenyewe, katika mji ambao haukuwa na okestra ya simfonia ya kudumu ya kumpokea. Basi mwaka 1935 akaianzisha yeye, Bombay Symphony. Tazama alivyofanya: hakukimbilia kijiti cha kuongozea. Alikaa kwenye kiti cha mpiga fidla kiongozi karibu miaka kumi, akiwashika wenzake kwa upinde na kwa kichwa, na ndipo akasimama kuwaongoza. Mwaka 1945, baba wa familia tayari, akaenda New York kusoma fidla upya kwa mwalimu Ivan Galamian. Miaka ya hamsini alikuwa Manchester, kwenye okestra ya Hallé chini ya John Barbirolli, akikaa viti vya mbele vya fidla. Kisha Marekani. Na mwaka 1964, akiwa na miaka 56, akaanzisha okestra ya vijana mjini Los Angeles akaiongoza miaka 33, mpaka umri wake ukawa unagonga tisini. Mwanawe Zubin, aliyekua akisikia mazoezi ya baba nyumbani, ni huyo Zubin Mehta anayejulikana dunia nzima kwa kuongoza okestra.

Hebu pima maisha ya mtu huyo. Fidla ilimtoa Bombay, ikamlisha Manchester, ikampa heshima ya kusimama mbele ya vijana wa Kimarekani. Kila mlango aliogonga, aliugonga na boksi la fidla mkononi.

Unauliza kama umechelewa. Charles Munch alikuwa mpiga fidla kiongozi wa okestra ya Gewandhaus mjini Leipzig, na aliposimama kwa mara ya kwanza kuongoza, Paris mwaka 1932, alikuwa na miaka 41. Kutoka 1949 mpaka 1962 akaiongoza okestra ya Boston. Wewe una 26. Suala la umri tuliache hapo.

Lakini yupo mwingine ninayemtaka akae nawe zaidi, kwa sababu njia yake unaweza kuianza Ng'ambo wiki ijayo. Neville Marriner alikuwa anaongoza safu ya fidla za pili katika London Symphony Orchestra. Mwaka 1958 yeye na wenzake wachache wakaanza kukutana sebuleni kwake kupiga kwa raha zao. Hapakuwa na mtu wa kusimama na kijiti. Marriner aliwaongoza akiwa amekaa, na fidla begani. Novemba 1959 wakafanya onyesho lao la kwanza katika kanisa la St Martin-in-the-Fields, London, na jina la kanisa likawa la kikundi. Kijiti kilikuja baadaye, kikundi kilipokua na vipande vikawa vikubwa, akaenda Marekani kusoma kwa mzee Pierre Monteux. Tena huyo Monteux naye alitokea kwenye viola.

Na kwa kuwa wewe ni mwanamke, na hukuuliza, ila nadhani limo moyoni: Marin Alsop wa New York alikuwa mtoto wa miaka tisa alipomwona Leonard Bernstein akiongoza, akasema na mimi nataka hivyo, na mwalimu wake wa fidla akamwambia wasichana hawafanyi kazi hiyo. Alisoma fidla mpaka shahada ya uzamili. Mwaka 1984 akakusanya wapigaji aliowafahamu, akaunda okestra yake mwenyewe, Concordia, ili apate watu wa kuwaongoza. Mwaka 2007 akakabidhiwa okestra ya Baltimore, mwanamke wa kwanza kushika okestra kubwa ya Marekani, na mwaka 2013 akawa mwanamke wa kwanza kuongoza usiku wa mwisho wa tamasha la Proms mjini London. Wale rafiki wa mwaka 1984 waliokubali kuja kupiga naye walikuja kwa sababu walimjua kama mpiga fidla mwenzao.

Wewe rafiki kama hao unao. Unao vijana 18, na una wenzako wa taarab. Usiidharau taarab katika jambo hili. Klabu kama Ikhwani Safaa, iliyoanza mwaka 1905, zimekusanya fidla, udi, ganuni, akodioni na ngoma jukwaani bila mtu wa kupunga mikono, na mwimbaji akivuta neno kwa hisia zake wote wanamfuata. Ulipokaa safu ya pili harusini na kumsubiri mwimbaji amalize pambo lake kabla ya kuingia, ulikuwa unajifunza nusu ya kazi ya kiongozi: kusikia mwenzako anakwenda wapi kabla hajafika. Nimewaona wanafunzi wa vyuo vikubwa ambao mikono yao ni mizuri kama ya wacheza dansi, na mwimbaji akichelewesha nusu ya pumzi wanapotea.

Nusu ya pili huna bado, na hiyo ndiyo ya kutafuta. Wewe unasoma nota za fidla, ufunguo mmoja, yaani ile alama ya mwanzo wa mstari inayosema kila nota ikae wapi. Kitabu cha kiongozi kina mstari wa kila ala, na si wote wanaoandikwa kama wewe. Viola wana ufunguo wao wa katikati, selo na besi wana wa chini. Klarineti wa B-flati akisoma Do (C) unasikia B-flati, sauti nzima chini yake. Honi wa F akisoma Do inashuka mpaka Fa (F). Lazima uyaone hayo na kuyasikia kichwani papo hapo. Azima viola mwezi mmoja uipige, ufunguo wake utakuingia kwa vidole badala ya kukariri. Jifunze kinanda, hata kama ni kile cha umeme cha kikundi chenu, kwa maana shule karibu zote za kuongoza zitakutaka ukikalie siku ya mtihani wa kuingia, pamoja na kuandika nota kwa kusikia tu. Kazi yote hiyo haihitaji pasipoti.

Na jipe zoezi moja, gumu kuliko linavyoonekana. Tafuta kitabu cha kiongozi cha Simfonia ya Tano ya Beethoven. Kinapatikana bure kwenye intaneti, haki zake zilikwisha zamani. Ufungue ukurasa wa kwanza tu. Zile nota nne kila mtu anazijua, tatu fupi na moja ndefu. Wengi hudhani kipande kinaanza na sauti. Angalia vizuri: alama ya kwanza kabisa ni kimya, kimya kifupi cha urefu wa nota moja fupi, ndipo nyuzi na klarineti wanaingia. Kwa hiyo mkono wako utaanguka juu ya kimya, na kwa namna ulivyoanguka watu sitini watajua waingie lini, kwa mwendo gani na kwa nguvu gani. Ukisitasita kidogo, wataingia mmoja mmoja kama maembe yanayodondoka. Kisha ile nota ndefu: ya kwanza unaishika, ya pili Beethoven ameiandika ndefu kuliko ya kwanza kwa baa moja nzima, na kila mara lazima uamue unaikataje na unatokaje. Na kabla ya yote wapiga fidla watakuuliza: tunaanza kwa upinde wa kushuka au wa kupanda? Chukua fidla ya babu, ijaribu namna zote mbili, usikie tofauti. Hapo ndipo utakapoelewa kwa nini sitaki uiuze.

Zile milioni tatu ulizo nazo zinatosha kufika karibu zaidi. Nairobi kuna okestra yenye umri mkubwa, Nairobi Orchestra, ya watu wanaopiga kwa mapenzi yao baada ya kazi, na wapiga nyuzi ni watu wa kutafutwa siku zote kwenye okestra za namna hiyo. Kuna pia Ghetto Classics, mradi wa kufundisha muziki katika mtaa wa Korogocho huko huko Nairobi, ilikoanza mwaka 2008, ambako mamia ya watoto wa mtaani hapo wamewekewa ala mikononi. Andika kote kuwili. Uliza kama utaruhusiwa kukaa fidla za pili kwa msimu mmoja wa mazoezi na kusaidia kufundisha. Uwaambie wazi kwamba lengo lako ni kuongoza, na kila zoezi ukae na kitabu cha kiongozi chini ya kiti. Wajibu na wale wa Ulaya kwa adabu, uwashukuru, uwaambie mwaka huu huwezi na kwamba utaomba tena nafasi ya kusimama. Wakati huo utakuwa na video: wewe na wale vijana 18. Hiyo ndiyo tiketi yao.

Ikiwa bado unaona fidla ni kitu cha kubadilisha na kingine, fikiria Kinshasa. Mwaka 1994 Armand Diangienda, aliyekuwa rubani wa ndege, alianzisha okestra ya Wakimbangu, waumini wa kanisa la Simon Kimbangu, na watu ambao wengi hawakuwa wamewahi kugusa ala hizo. Fidla chache walizonazo walipokezana, mmoja akishusha mwingine anapandisha begani, na uzi ukikatika walifunga waya wa breki ya baiskeli. Okestra hiyo imepiga Beethoven. Watu wale wangekushangaa sana ukiwaambia una fidla nzuri ya urithi na unatafuta mteja.

Kuhusu mama. Sidhani kama amekasirikia kuongoza. Hajui ni kitu gani, na hilo unaweza kulimaliza jioni moja: mwalike kwenye mazoezi ya vijana, mkalishe nyuma ya fidla za pili, mahali ambapo atakuona uso wako na si mgongo. Watu wengi wamemwona kiongozi kwa nyuma tu, ndiyo maana wanaona mikono inayopunga. Kinachomfukuza chumbani kwako, nadhani, ni kwamba kila akiisikia fidla ile anamsikia baba yake akiondoka mara ya pili. Mwambie leo, kabla ya kuniandikia mimi, kwamba haiuzwi.

Sasa hilo la hewa. Mgeni wako amekosea. Unyevu wa Unguja si adui mkubwa wa fidla, maana fidla hiyo imeuzoea tangu enzi za babu. Adui ni kuhama ghafla: unatoka nyumbani kwenye joto la mvuke, unaingia ukumbi wa hoteli wenye kiyoyozi kikavu kama friji, unapiga saa tatu, unatoka tena. Mbao inavimba na kunywea usiku mmoja. Ukifika hotelini iache ndani ya boksi lililofungwa nusu saa kabla ya kuitoa, na ukimaliza ifungie humo humo kabla ya kutoka nje.

Mshono ulioachia usikutishe. Mafundi wa fidla huunganisha kingo zile kwa gundi ya ngozi, kwa makusudi isiwe kali, ili mbao ikivutika mshono ufunguke kabla uso wenyewe haujapasuka. Fidla imejiokoa. Usitie gundi ya dukani hata tone, ile nyeupe wala ile ya kugandisha papo hapo, kwa sababu masika yajayo mshono hautaachia, mbao ndiyo itakayopasuka. Kwa fundi anayejua, kuuziba ni kazi ndogo. Vigingi vivute taratibu huku ukizungusha, visugue risasi ya penseli pale vinapogusana na mbao, na vikianza kuteleza kupita kiasi ongeza vumbi la chaki. Mpaka fundi apatikane, punguza mkazo wa nyuzi kidogo tu, usizilegeze zote, maana daraja linalobeba nyuzi litaanguka na kile kijiti kinachosimama ndani ya fidla kitalala. Na usiiache chumbani kwako kama una feni inayoipulizia. Iweke chumbani kwa mama.